Kadi Namba Kumi na Tisa

Asubuhi ya nne tangu funguo ziondolewe katika jengo lile, mshonaji wa chumba namba ishirini alikuta pini zake zote nje ya mlango. Hazikuwa zimemwagika ovyo. Zilikuwa zimekusanywa juu ya kizulia cha kufutia miguu, fungu moja dogo linalong'aa, na kando yake kimeachwa kitambaa kilichokunjwa, kana kwamba aliyezitoa hakutaka zimguse vidole. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Kopo la pini lilikuwa ndani, mezani, mahali pake pa kila siku, na kifuniko chake juu, tupu.

Watu walimwita mshonaji huyu Pini, kwa sababu akiwa kazini alizibana pini midomoni, tano au sita kwa pamoja, na akaongea nazo hivyo hivyo, maneno yakimtokea pembeni. Wateja wapya walidhani anaumwa jino. Dada yake, ambaye ndiye msimamizi wa jengo, alikuwa amemwonya tangu usichana wao kwamba siku moja atazimeza.

"Nikizimeza nitajishona kwa ndani," Pini hujibu.

Asubuhi ile hakutania. Alishuka ghorofa mbili na kitambaa mkononi, akaingia ofisini kwa dada yake.

"Dada, nani anaingia chumbani kwangu?"

"Hakuna mtu. Kadi yako ndiyo pekee inayofungua pale, yako na yangu." Msimamizi alifungua kompyuta. "Tena huna haja ya kubishana na mtu. Mfumo unaandika kila kitu. Njoo uone."

Wakaona. Saa kumi na moja na dakika nne alfajiri, mlango wa chumba namba ishirini ulikuwa umefunguliwa na kadi namba kumi na tisa.

"Kumi na tisa ni nani?" Pini aliuliza.

Katika jengo lile hapakuwa na chumba namba kumi na tisa.

Ukweli lazima usemwe: mfumo ule wa kadi ulikuwa mzuri. Msimamizi alikuwa ameupigania mwaka mzima mbele ya mwenye jengo, na hakukosea. Alikuwa ameishi miaka mingi na taabu ya funguo. Mpangaji anahama na ufunguo mfukoni. Mwingine anachongesha nakala nne kimyakimya. Wa tatu anavunjia ufunguo ndani ya kitasa siku ya mvua, na wateja wake wanasimama barazani wakitazamana. Sasa kila mtu alikuwa na kadi nyembamba ya plastiki. Ukiisogeza kwenye kijisanduku cheusi kando ya mlango kinalia ti-tii, taa ya kijani inawaka, mlango unaachia. Kadi ikipotea, msimamizi anaifuta kwenye kompyuta kabla aliyeiokota hajafika kona ya barabara. Na ukitokea moto, Mungu apishe mbali, skrini inaonyesha nani yumo na nani ametoka, chumba kwa chumba.

Hilo la mwisho ndilo alilolipenda zaidi. Mdogo wake alifanya kazi peke yake kule juu, na mama yao, siku za mwisho wa uhai wake, hakuacha wosia mrefu. Alimshika mkubwa mkono akasema, "Usifunge mlango wako mdogo wako akiwa nje." Basi. Msimamizi aliyabeba maneno yale kama mtu anavyobeba yai.

Aliyeumizwa na kadi ni Bi Kengele. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kuvuka makamo, mtunza funguo tangu jengo lina harufu ya rangi mpya. Alitembea na shada zima la funguo kiunoni, na ulimsikia anakuja kabla hujamwona, ndiyo maana ya jina lake. Kila jioni alipita mlango kwa mlango. Alibisha, akachungulia, akavuta mlango, akazungusha ufunguo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga jirani: "Wa ndani awe ndani, wa nje awe nje."

Halafu alishuka ofisini na kuzitundika funguo kwenye ubao wenye vigingi vya mti, akihesabu. Vigingi vilikuwa thelathini na vinne, funguo thelathini na tatu. Akifika kwenye kigingi kitupu hakuruka. Alisema, "Kumi na nane, ya mwenyewe, ishirini," akaendelea.

Wapangaji walimcheka kwa upendo. Daktari wa meno wa chumba namba ishirini na saba, mtu mwenye sauti kubwa na tumbo la furaha, alikuwa na mazoea ya kuita "Karibu, kaa kwenye kiti!" kabla hata hajajua nani amebisha. Bi Kengele alimgombeza kila mara.

"Daktari, mtu akibisha, uliza kwanza ni nani. Karibu haikimbii."

"Bi Kengele, mgonjwa wa jino ukimuuliza nani, atakukimbia yeye!"

Siku fundi wa milango alipokuja kufunga mfumo, aliketi na msimamizi mbele ya ubao wa vigingi ili aandae kadi moja kwa kila ufunguo. Walikwenda vizuri mpaka kumi na nane.

"Kumi na tisa?" fundi aliuliza.

"Hakipo chumba hicho."

"Basi niiruke?"

Sasa, msimamizi alikuwa mwanamke wa mpangilio. Alipiga mistari ya daftari kwa rula, na namba iliyorukwa ilimkera kama shati lililokosa kifungo. Alikitazama kile kigingi kitupu, akasema, "Usiruke. Ifanye kadi ya akiba. Iweze kufungua milango yote. Huwezi kujua, siku moja itafaa."

Fundi akaitengeneza, msimamizi akaipokea, na kwa mkono wake mwenyewe akaitundika kwenye kigingi namba kumi na tisa. Bi Kengele aliingia wakati huo na ndoo ya deki. Ndoo ilimponyoka, maji yakatapakaa mpaka chini ya meza.

"Nani ametundika kitu pale?"

"Ni plastiki tu, Bi Kengele."

"Plastiki ndiyo inayonitisha," alisema yule mama, akainama kukausha maji. Hakusema zaidi, kwa sababu asubuhi ileile alikuwa ameambiwa kwamba kuanzia sasa kazi yake ni deki peke yake, na funguo zote azipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jioni kigingi kilikuwa kitupu. Msimamizi akadhani fundi ameichukua kadi kuijaribu, akasahau. Sasa, asubuhi ya nne, akiwa na mdogo wake begani kwake akitazama skrini, alikumbuka.

"Fundi ameondoka na kadi yetu," alisema. "Naifuta sasa hivi." Akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba kadi namba kumi na tisa imefutwa. "Umeona? Ingekuwa ufunguo, tungebadilisha vitasa vyote."

Pini alicheka kidogo, akarudi kazini.

Kesho yake mkasi wa Pini ulikuwa kizuliani. Keshokutwa yake zilikuwa sindano, zimechomwa moja moja kwenye kipande cha sponji, na ile cherehani ya chuma, nzito isiyobebeka na mtu mmoja, ilikutwa imefunikwa vitambaa saba, kimoja juu ya kingine, vimebanwa kwa kufungwa fundo. Na kwenye skrini kadi namba kumi na tisa ilikuwa imerudi. Si hivyo tu. Kando yake paliandikwa cheo cha aliyeitoa: msimamizi.

Alimpigia fundi simu. Fundi alifika akitabasamu, maana alikuwa kijana mchangamfu aliyependa mashine zake kama mfugaji anavyopenda mbuzi.

"Mama, mfumo hauna akili ya kusema uongo," alisema akiketi. "Kadi hii ina ruhusa ya juu, ndiyo sababu haikubali kufutwa kwa mbali. Lazima yenyewe ipite hapa kwenye kisomeo cha kadi, niizime. Iko wapi?"

"Si uliichukua wewe?"

"Mimi? Mama, mimi nilikuachia kwenye kigingi."

Walitazamana. Fundi akageukia skrini, akaanza kukagua vyumba kimoja kimoja, akipiga mbinja taratibu. Mbinja ikakatika.

"Chumba namba ishirini kina watu wangapi?"

"Mmoja. Mdogo wangu."

"Hapa wamo wawili." Akasogeza uso karibu na kioo. "Subiri. Sasa ni mmoja. Ishirini ametoka. Aliyebaki ni kumi na tisa."

Msimamizi alipanda ngazi mbiombio. Alimkuta Pini ameketi mezani pake, mzima, pini midomoni, anapima kola. Chumbani mlikuwa na harufu ngeni, harufu ya udongo uliofunikwa muda mrefu halafu ukafunuliwa.

"Umetoka sasa hivi?"

"Nitoke niende wapi na kazi yote hii?" Pini alisema pembeni ya mdomo. Kisha akazitoa pini, akashusha sauti. "Dada, nifunge dirisha? Nasikia baridi. Na leo kuna mteja alikuja, akasimama pale, akatazama chumba chote, akaniita. Nikamwambia niko hapa. Akaita tena. Halafu akaenda zake. Dada, nilikuwa mbele yake kama nilivyo mbele yako."

Msimamizi alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani.

Aliposhuka, fundi alikuwa amekwisha kukusanya vifaa vyake. "Nitarudi kesho na mwenzangu," alisema bila kumtazama. Hakurudi kesho, wala keshokutwa, na simu yake haikupokelewa.

Msimamizi alimsihi mdogo wake akae nyumbani siku mbili tatu. Pini alikataa. Alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza, tena alisema jambo lililomchoma dada yake moyoni: "Nikiacha kwenda, si ndiyo nitakuwa nimetoka kweli?"

Basi msimamizi akawa mtu wa kulinda skrini. Siku ile ya kwanza mfumo ulisema Pini ametoka kwa dakika tatu, ilhali yumo. Siku ya pili ulisema ametoka tangu adhuhuri. Alipanda kila baada ya muda kuhakikisha, na kila alipopanda alimkuta, lakini sauti ya Pini ilikuwa inapungua, na ilibidi umtazame kwa makini ndipo macho yako yamshike, kama unavyotafuta uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe. Na jioni ile, walipokuwa wakiondoka pamoja, Pini alisogeza kadi yake kwenye kijisanduku cha mlango mkubwa. Hakikulia. Akaisogeza tena. Kimya. Msimamizi akasogeza yake, ti-tii, taa ya kijani. Mlango haukuwa umemkataa Pini kwa taa nyekundu, kama unavyomkataa mgeni. Haukuona kwamba amesimama mtu pale.

Siku ya tatu msimamizi alichelewa kwa sababu ya kikao na mwenye jengo. Pini alitangulia. Dada yake alipofika, saa nne, skrini ilionyesha kwamba ishirini ametoka tangu saa mbili asubuhi na kumi na tisa yumo. Akapanda mbio. Mlango ukafunguka, na Pini alikuwa pale, amekaa, anakunja vitambaa, akainua uso akatabasamu.

"Shikamoo dada. Usihangaike na ngazi hizi. Mimi mzima kabisa. Leo sioni hata baridi."

Msimamizi akashusha pumzi. Akamgusa mkono, ukawa wa moto. Akamshukuru Mungu, akashuka, akafanya kazi zake za siku ile kwa moyo mwepesi kidogo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kuna mtu alikuwa anabisha. Asubuhi alisikia kwenye mlango wa ofisi, hodi ya kidole kimoja, dhaifu, tok tok tok. Akafungua, hapana mtu. Akarudi kuketi, ikabisha tena. Muuza dawa wa chumba cha chini alikuja kulalamika kwamba kuna mtoto anamchezea mlango. Mwalimu wa kompyuta wa ghorofa ya kwanza alisema vivyo hivyo. Mchana kutwa hodi ile ilizunguka jengo, mlango huu, mlango ule, ikapanda, ikashuka, na kila mara ikarudi kwenye mlango wa msimamizi, dhaifu zaidi kuliko ilivyokuwa.

Saa kumi na moja jioni wapangaji walianza kuondoka. Bi Kengele aliingia na ndoo yake, akasimama katikati ya ofisi, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Mwanangu, mbona mdogo wako hashoni leo?"

"Anashona. Nimemwona."

"Mimi nimepiga deki barazani kwake tangu saa sita. Cherehani haijalia hata mara moja."

Ndipo msimamizi akakiona kile alichokuwa amekiona asubuhi bila kukiona: Pini aliyetabasamu, Pini aliyesema maneno yake yote wazi, neno kwa neno, mdomo mtupu, kwenye meza isiyo na mkasi wala sindano wala pini hata moja, na nyuma yake cherehani imefungwa kwa vitambaa kama maiti.

Bi Kengele alimkalisha, akamsimulia upesi, kwa sauti ya chini.

"Wajenzi walipofika hapa palikuwa na mwenyewe. Kila walipojenga ukuta upande ule, asubuhi waliukuta chini. Wakapatana naye. Walimpa namba, hawakumpa mlango. Alitulia miaka yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kumkumbusha mipaka kila jioni, kwa maneno na kwa chuma. Si chuma chochote, mwanangu. Vitasa vyenu vipya vina chuma pia, lakini hakuna anayevishika. Yeye anaogopa chuma kilichozoea mkono wa mtu. Ufunguo wangu. Pini za mdogo wako. Mlango unaojifunga wenyewe hauna mwenyewe, basi yeye akajiona ndiye."

"Mimi nilimpa," msimamizi alinong'ona. "Milango yote."

"Ulimpa wewe, utamdai wewe. Siwezi kukusaidia hilo."

"Na funguo nilikwambia uzitupe."

Bi Kengele aliingiza mkono kwenye ndoo, chini ya matambara, akatoa shada lote, likalia kama zamani. "Uliniambia nitupe. Sikujua nizitupe vipi."

Walizima umeme wa mfumo wote. Kisha wakapanda, na kwa kuwa fundi aliacha vitasa vya zamani mahali pake, akiziba matundu tu kwa vipande vya plastiki, Bi Kengele alivibandua vile vipande kwa ukucha, mlango kwa mlango, akazungusha ufunguo, akasema maneno yake, na msimamizi aliyemfuata nyuma akiwa amekumbatia kopo la pini zilizookotwa kizuliani asubuhi ile ya nne, ambazo Pini alimwachia azitunze ofisini, alihisi kwamba kila walipofunga chumba kuna kitu kilichokuwa kimeenea katika jengo zima, katika dari na mabomba na nyaya zilizopita kutani, kilikuwa kinasukumwa kirudi nyuma, kinajikusanya, kinakuwa kizito zaidi, mpaka walipofika baraza ya chumba namba ishirini ile harufu ya udongo uliofunuliwa ilikuwa nzito kiasi cha kuionja ulimini, na nyuma yao, kwenye ngazi, hodi ya kidole kimoja ilikuwa inawafuata.

"Usigeuke," Bi Kengele alisema. "Ingia. Ukifunga mlango huu yeye yumo ndani, mdogo wako atakuwa nje daima. Mtoe kwanza."

Msimamizi aliingia, akaurudishia mlango bila kuufunga kwa ufunguo. Chumbani mlikuwa na mwanga wa jua la jioni, mwanga mzuri, wa dhahabu, na yule aliyekaa mezani alikuwa na uso wa mdogo wake, na kovu dogo la mdogo wake juu ya nyusi, na alipoongea ilikuwa sauti ileile iliyomsumbua utotoni wakilala kitanda kimoja.

"Dada, mmezima umeme? Njoo ukae. Mfukuze yule mama, ananitisha na makelele yake."

"Nishikie hizi," msimamizi alisema, akanyoosha kiganja kilichojaa pini.

"Weka mezani."

"Zishike, mdogo wangu. Tangu lini umeogopa pini?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilibaki pale muda mrefu kuliko tabasamu linavyokaa, na macho yaliyokuwa juu yake yaliacha kupepesa, na yule kiumbe akasema kwa upole sana, bila kufungua mdomo, kwamba yeye hakuiba kitu, kwamba alipewa, kwamba ameketi miaka yote katika upana wa ukuta akisikia watu wakikaribishana na hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye karibu, mpaka mwanamke mmoja aliponyoosha mkono na kumtundikia milango thelathini na mitatu kwa mara moja, na je, dada, kitu ulichotoa kwa mkono wako mwenyewe utakidai kwa uso gani?

Msimamizi alikuwa analia. Alijua kwamba neno lile lina haki. Hata hivyo alisogea hatua moja, na nyingine, pini zimemchoma kiganja mpaka damu, akasema, "Kwa uso huuhuu. Nilikosea. Namba ni yako, sikunyang'anyi. Milango si yako. Nirudishie kadi yangu, unirudishie na mdogo wangu."

Nje, Bi Kengele alitikisa funguo zote kwa pamoja.

Kile kilichokuwa na uso wa Pini kiliinuka. Hakikutembea. Kilijikunja upande kama kitambaa, kikaelekea kwenye ukuta ulio kati ya kumi na nane na ishirini, na kilipompita msimamizi kilimwekea kitu baridi juu ya pini zilizokuwa kiganjani mwake. Harufu ikakatika. Mezani pakabaki vitambaa vilivyokunjwa vizuri mno.

"Wa ndani awe ndani!" Bi Kengele alipaza sauti barazani.

Tok, tok, tok, ikalia nyuma ya mlango. Msimamizi aliruka, akaufungua kwa mikono miwili.

Pini alikuwa amesimama kizuliani. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na katikati yake amebana pini moja, ile moja aliyoondoka nayo nyumbani asubuhi ikiwa imesahaulika kwenye kola ya gauni. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimechubuka.

"Dada," alisema pembeni ya mdomo, "nimebisha tangu asubuhi. Milango yote. Mbona hamfungui?"

Msimamizi alimkumbatia, na wakakaa pale chini mpaka Bi Kengele alipowaambia kwamba giza linaingia.

Kadi ilizimwa kwenye kisomeo na fundi mwingine, ambaye hakuambiwa kitu, kisha ikakatwa vipande vinne kwa mkasi wa Pini. Mwenye jengo hakukubali kupoteza mfumo wake, na kusema kweli hata msimamizi hakutaka upotee wote. Wakapatana: mchana kadi, jioni umeme wa mfumo uzimwe, Bi Kengele apite na funguo zake. Wapangaji walikubali. Daktari wa meno peke yake ndiye aliyekataa ufunguo.

"Mimi hubaki na kazi za meno bandia mpaka usiku," alisema akicheka. "Mkinifungia, nitang'oa kitasa kwa koleo. Mlango wangu uacheni wazi, nitauvuta mwenyewe nikitoka."

Ilikuwa wiki ya pili baada ya hapo. Bi Kengele alikuwa ofisini anatundika funguo, msimamizi anaandika, Pini anamsubiri dada yake, anatafuna karanga. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo. Mfumo umezimwa.

"Kumi na nane," Bi Kengele alihesabu, "ya mwenyewe, ishi—"

Tok, tok, tok.

Msimamizi alikuwa amekwisha simama. Tangu siku ile hakuweza kusikia hodi akakaa. Pini akamshika gauni.

"Dada. Sote tuko hapa."

"Dada," ilisema sauti nyuma ya mlango, dhaifu, maneno yakitokea pembeni ya mdomo kana kwamba umebana kitu. "Nimebisha tangu asubuhi. Mbona hamfungui?"

Msimamizi aligeuza macho polepole kumtazama mdogo wake aliyekaa kando yake, mdomo mtupu. Hakutaka kumtazama hivyo, lakini alimtazama. Pini akaelewa. Bila neno akachomoa pini kwenye kola yake, akaiweka katikati ya midomo, akaibana, na machozi yakamtoka.

Bi Kengele aliinua kidole: kimya.

Ikabisha tena. Kisha ikaacha. Wakaisikia ikienda kwa muuza dawa, tok, tok, tok, mlango uliofungwa kwa ufunguo. Ikapanda kwa mwalimu wa kompyuta. Ikapanda tena, bila haraka, mlango kwa mlango, kama Bi Kengele alivyokuwa akipita, na ndipo wote watatu wakakumbuka kwa wakati mmoja, na yule mama akalinyakua shada la funguo akakimbilia ngazi na umri wake wote.

Juu, sauti kubwa yenye furaha ikajibu:

"Karibu! Mlango uko wazi, kaa kwenye kiti!"

Na kijisanduku cha mlango wake, kisichokuwa na umeme, kikalia mara mbili. Ti-tii.